Maswali ya Wasomaji: Kuandaa Onyesho la Vikaragosi kwa Watoto Wadogo

Barua za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuandaa onyesho la vikaragosi kwa watoto ambao hawajaanza shule ya msingi au wameianza juzijuzi. Nimechagua tano, nikafupisha zile ndefu, na nimezijibu kwa uzoefu wa miaka mingi ya kupiga magoti nyuma ya pazia.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa watoto wa chekechea, wenye umri wa miaka mitatu hadi sita. Mimi na wenzangu wawili tumekubaliana kuandaa onyesho la vikaragosi la kufunga muhula, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Tumekwisha kuandika igizo lenye wahusika tisa na kurasa 14 za mazungumzo. Je, onyesho liwe la muda gani, na tuanzie wapi kutengeneza vikaragosi?

JIBU: Mwalimu, kabla ya kugusa kitambaa wala gundi, naomba mhesabu mikono. Ninyi ni watu watatu, kwa hiyo mna mikono sita, na kwa kuwa kila kikaragosi cha kuvaa humeza mkono mzima, hamwezi kuwa na wahusika zaidi ya sita mbele ya watoto kwa wakati mmoja. Hata hao sita ni wengi mno, kwa sababu lazima upatikane mkono wa kupokeza vifaa, wa kupiga kengele na wa kumsaidia mwenzenu kuvaa kikaragosi kinachofuata, na kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hawezi kufuatilia nia za watu sita kwa pamoja. Wahusika watatu au wanne wanatosha kwa hadithi nzima. Wale waliobaki wapeni likizo hadi mwaka ujao.

Kuhusu muda, kwa hadhira iliyochanganya watoto wa miaka mitatu na wa miaka sita, dakika 20 ni kipimo kizuri, wala msisikitike mkiishia 15. Watoto wa miaka mitano na sita wakiwa peke yao wanaweza kukaa nusu saa, mradi mambo yanayotokea jukwaani yawe yanabadilika. Kurasa zenu 14 zikisomwa tu kwa sauti zitakaribia nusu saa hiyo, kabla hata mhusika mmoja hajatembea, hajaanguka wala hajatafuta kofia yake, ilhali kutembea, kuanguka na kutafuta kofia ndiko watoto walikokuja kukutazama.

Kwa hiyo nawashauri mwandike hadithi upya kwa vitendo vitupu, kana kwamba wahusika wote ni mabubu, kisha mrudishe maneno machache ambayo kwa kweli hayakwepeki. Chukueni mfano huu. Chura anaamka asubuhi, anajinyoosha, anafungua kinywa ili alie kama kawaida yake, na inatoka sauti ya jogoo. Anashtuka, anafunika kinywa kwa mikono miwili, anajaribu tena taratibu, na anawika tena. Anaondoka kwenda kumtafuta Jogoo ili amrudishie sauti yake, lakini Jogoo naye amejificha kwa aibu, maana kila akijaribu kuwika analia nyau. Wote wawili wanakwenda kwa Paka, ambaye tangu alfajiri amekuwa akilia kama chura na hataki mtu yeyote amkaribie. Hapo kuna wahusika watatu, tatizo moja ambalo hata mtoto mdogo kabisa analielewa kabla halijaelezwa, na safari inayojirudia kwa mabadiliko kidogo kila mara. Zaidi ya hayo, watoto wanatambua sauti ya nani iko kwa nani mapema kuliko wahusika wenyewe, na hakuna kinachomkalisha mtoto mkekani kwa utulivu kama kujua jambo ambalo mhusika hajalijua. Jinsi sauti zitakavyorudi kwa wenyewe nawaachia ninyi. Ila zirudi kwa kitendo kinachoonekana, kama vile kupiga chafya, wala si kwa hotuba.

Kwa wanaoanza, kikaragosi cha kuvaa mkononi kinafaa kuliko cha nyuzi, ambacho hunasa nyuzi zake na kudai mazoezi ya muda mrefu. Kichwa kinaweza kuchongwa kwa sponji au kuumbwa kwa vipande vya karatasi vilivyoloweshwa gundi ya unga na kubandikwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likaachwa likauke vizuri. Shingoni wekeni kipande cha kadibodi kilichoviringwa kama bomba, kinachokibana kidole cha shahada, kwani kichwa kinacholegea kidoleni hakiwezi kutazama kitu chochote kwa uhakika. Dole gumba na kidole cha kati ndivyo vitakavyokuwa mikono. Vazi lenyewe lishonwe refu hadi kwenye kiwiko, la sivyo mchezeshaji akinyanyua mkono watoto wataona ngozi, na Chura atakuwa na kiuno cha mwalimu wao.

Msipoteze siku nyingi kwenye urembo mdogomdogo, maana mtoto aliyeketi mita tatu kutoka jukwaani haoni kope zilizochorwa kwa kalamu. Anachokiona ni umbo la kichwa, rangi zinazotofautiana na pazia la nyuma, na macho. Macho yawe makubwa na yenye mboni nyeusi kabisa, yakikaribiana kidogo kuliko mnavyodhani, kwa kuwa macho yaliyo mbalimbali hufanya kikaragosi kionekane kikitazama kuta mbili. Yashoneni kwa uzi imara badala ya kuyabandika, kwani jicho linalong'oka ni kitu cha kumkaba mtoto wa miaka miwili.

Jukwaa ni jambo jepesi. Kamba iliyofungwa baina ya nguzo mbili na kutundikwa shuka zito inatosha, ikiwa juu kidogo ya vichwa vyenu mkiwa mmepiga magoti au mmekaa kwenye viti vifupi. Tatizo kubwa zaidi ni mikono, ambayo huchoka ikinyanyuliwa juu ya kichwa, na ikichoka wahusika huanza kuzama taratibu kama wanaoingia kwenye matope bila habari. Igizo lipangwe ili kila mmoja wenu apate nafasi ya kushusha mkono kila baada ya dakika chache, na mfanye mazoezi ya onyesho zima mikono ikiwa juu, si mkiwa mmekaa mezani mnasoma.

SWALI: Nimemtengenezea binti yangu wa miaka minne kikaragosi cha soksi, nikakipa macho, ulimi na nywele za sufu. Nikikichezesha, ananitazama mimi usoni badala ya kukitazama kikaragosi, na juzi aliniambia, “Baba, hiyo ni soksi.” Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, huo ni uhakiki wa haki, na umetolewa kwa maneno manne tu.

Lugha yetu inatupa kipimo kizuri cha kazi hii. Kikiwa sandukuni, kikaragosi kimo katika ngeli ya vitu: kimelala, kimechakaa, kinahitaji kushonwa. Kikivaliwa na mtu anayejua anachokifanya, watoto wenyewe, bila kuambiwa na yeyote, hukihamisha ngeli: amelala, amechoka, ananiangalia mimi. Mimi hukaa nyuma ya pazia nikisikiliza herufi hiyo moja tu. Nikisikia mtoto akinong'ona “kinakuja”, najua bado nina kazi. Nikisikia “anakuja”, najua tumevuka. Binti yako alikuambia kwamba hujavuka, na inaelekea sababu si soksi.

Anza na macho, yako kwanza. Mtoto hutazama pale mtu mzima anapotazama, na wewe, kama wazazi wengi, bila shaka unamtazama binti yako ili uone kama amefurahi. Mtazame kikaragosi. Kinaposema, msikilize kwa uso wako wote, kana kwamba hujui atakachosema, na macho ya mtoto yatafuata yako. Kisha hakikisha kwamba nacho kinatazama. Mkono ukiwa umenyooka kwa kawaida yake, macho ya soksi huelekea dari. Kunja kifundo cha mkono mbele, ushushe pua ya kikaragosi hadi mboni zake zikutane na za binti yako. Wanaocheza juu ya jukwaa mbele ya watoto waliokaa sakafuni wanahitaji kukunja zaidi, kwa kuwa hadhira yao iko chini.

Baada ya macho linakuja jambo ambalo wanaoanza hawaliamini hadi walione kwa macho yao: kutulia. Kikaragosi kinachotikisika muda wote ni kitambaa kinachotikiswa. Kiumbe hai husikia kitu, husimama, hugeuka kukitazama, hufikiri kidogo, ndipo hutenda. Hata kile kituo kifupi kabla ya kutenda kina thamani kuliko kitendo chenyewe, kwa sababu ndipo mtoto anapokisia kikaragosi kinawaza nini, yaani ndipo anapokubali kwamba kinawaza. Wakiwa wawili, anayesema ndiye atembee na kutikisa kichwa, na asiyesema amtazame mwenzake bila kuyumba. Vinginevyo mtoto hajui sauti inatoka kwa nani. Pumzi nayo iongezwe: mkono upande na kushuka kidogo sana, hata pale mhusika anapokuwa amelala.

Kuhusu kinywa, wengi hukifungua na kukifunga ovyo kama mlango wenye upepo. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwani karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayofungua kinywa. Ukisema “karibuni” polepole, kinywa kifunguke mara nne, ka-ri-bu-ni, kikiwa wazi kwenye irabu wala si baada yake. Ukisema haraka, usijaribu kuzifukuzia silabi zote. Fungua kwa nguvu kwenye ile yenye mkazo, ambayo kwa kawaida ni ya pili kutoka mwisho, na zile nyingine ziguse tu. Tena anayeshuka awe dole gumba, kama taya, huku vidole vinne vya juu vikitulia. Vidole vya juu vikiruka, kichwa kizima huruka navyo, macho hupanda darini, na tunarudi tulikotoka. Jirekodi kwa simu dakika mbili ujitazame, maana kioo hukudanganya kwa kukufanya ujiangalie wewe.

Ili usikate tamaa, fikiria Wajapani, ambao katika sanaa yao ya bunraku hutumia watu watatu kwa kikaragosi kimoja kikuu: mkuu wao huongoza kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu, na kwa desturi mwanafunzi huanzia miguuni na kukaa huko miaka mingi. Wote watatu huonekana waziwazi na hadhira, lakini baada ya muda mfupi hakuna anayewatazama. Wewe una soksi moja na mtazamaji mmoja.

SWALI: Sisi ni vijana tunaojitolea kuwasomea watoto vitabu. Tulijaribu onyesho la vivuli kwa shuka jeupe na tochi, lakini vivuli vilitoka na ukungu, vingine viwiliwili, na vichwa vyetu vilionekana kwenye shuka. Tufanyeje?

JIBU: Kasoro zote tatu zinatokana na taa. Tochi yenye balbu ndogo nyingi hutoa kivuli kimoja kwa kila balbu, na ndiyo maana mlipata mapacha. Tafuteni taa yenye nukta moja ya mwanga, isiyo na kioo cheupe chenye ukungu wala kifuniko cha kusambaza mwanga, muiweke mita moja na nusu hadi mbili nyuma ya shuka. Kadiri chanzo cha mwanga kinavyokuwa kidogo, ndivyo kingo za kivuli zinavyokuwa kali. Picha ya kadibodi nayo ibanwe karibu kugusana na shuka. Ikisogezwa kuelekea taa, kivuli hukua na kufifia. Hilo ni kosa ikitokea kwa bahati mbaya, lakini ni hazina ikipangwa, kwa sababu panya anaweza kukua hadi kujaza shuka mbele ya macho ya watoto bila ya nyinyi kuchora panya wa pili.

Taa iinuliwe juu ya vichwa vyenu, au iwekwe chini sakafuni na kuelekezwa juu, ili miili yenu isiwe kati ya mwanga na shuka. Shuka lenyewe livutwe likazwe kwenye fremu, maana kila mkunjo ni kovu kwenye uso wa mhusika. Vijiti vya kushikia picha vifungwe kwa pembe, kama mpini wa kijiko, mkono ubaki chini. Msitumie mishumaa wala taa za mafuta, hata kama mwanga wake ni mzuri, nao ni mzuri kweli. Shuka, karatasi, giza na watoto ni mkusanyiko usiovumilia moto.

Mkitaka rangi, toboeni kadibodi na mzibe matundu kwa plastiki angavu yenye rangi. Waturuki wa sanaa ya Karagöz walifikia lengo hilo kwa kutengeneza picha za ngozi iliyokwanguliwa hadi ikapitisha mwanga, kisha ikapakwa rangi. Mchezeshaji mmoja ndiye anayewapa sauti wahusika wote, na mwaka 2009 UNESCO iliiandika sanaa hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Jina la Karagöz, mhusika mkuu wa sanaa hiyo, ambalo kwa Kituruki lina maana ya jicho jeusi, ndilo lenye undugu na neno letu karagosi, kwa hiyo kila mnapolitaja neno hilo mnamtaja mcheza vivuli. Jambo la mwisho: msizime taa zote za chumba kwa mkupuo mmoja. Fungeni pazia moja baada ya jingine mkizungumza, hadi watoto wauzoee ugizagiza.

SWALI: Katika onyesho letu la kwanza, watoto wawili walilia kwa hofu hadi wakatolewa nje, na waliobaki walipiga kelele kiasi kwamba hatukuweza kuendelea. Je, vikaragosi haviwafai watoto wa umri huo?

JIBU: Vinawafaa. Nami nilipitia hapo. Katika moja ya maonyesho yangu ya awali, simba wangu alichomoza ghafla pembeni mwa pazia kwa mlio wa ngoma, nami nikajivunia jambo hilo kwa muda wa sekunde mbili, kabla safu nzima ya mbele haijaangua kilio. Simba hakuwa mbaya. Alikosa utangulizi tu. Siku hizi watoto humsikia kwanza akikoroma, kisha mhusika mdogo anachungulia na kuwaeleza kwamba amelala, kisha unaonekana mkia peke yake, na anapotokea mzima anatokea akipiga miayo, kwa mbali, akitazama upande mwingine. Mtoto anayejua kinachokuja hutetemeka kwa furaha. Isitoshe, wahusika wapande jukwaani kama wanaopanda ngazi na kuondoka vivyo hivyo, wala wasiruke kutoka chini kama chemchemi.

Kabla ya kuanza, mmoja wenu ajitokeze mbele, asalimie kwa sauti ya kawaida na aonyeshe kikaragosi kimoja kikivaliwa. Wengi huogopa kwamba uchawi utapotea, lakini haupotei. Wadogo kabisa wakae pembeni karibu na mlezi wao, ili atakayetaka kutoka atoke bila kuwaruka wenzake. Wala msimpelekee mtoto kikaragosi usoni. Kikaragosi kisimame mbali, kione haya kidogo, na kimngoje yeye asogee.

Zile kelele ni habari nyingine. Guignol, kikaragosi mashuhuri wa Ufaransa, alizaliwa mjini Lyon mwanzoni mwa karne ya 19 mikononi mwa Laurent Mourguet, ambaye alikuwa aking'oa meno na kutumia vikaragosi kuwavuta wateja, na hadi leo watoto humpigia Guignol makelele kumwonya kuhusu anayemnyemelea. Watoto wanaopiga kelele wameingia ndani ya hadithi, na kuwanyamazisha ni kuwatoa. Kinachotakiwa ni igizo liwe na mahali pa kuzipokea kelele hizo. Wakisema, “Yuko nyuma yako!”, mhusika ageukie upande usiofaa, mara mbili, na mara ya tatu apatie, mkishazidi mara tatu, furaha inageuka kuwa fujo. Msiulize “Tufanye nini sasa?”, kwa kuwa mtapata majibu arobaini yasiyohusiana. Ulizeni swali lenye majibu mawili, “Nimwamshe au nimwache?”, na mjue mtakachofanya kwa kila jibu. Mkitaka kuwatuliza, msipandishe sauti. Mhusika anong'one, alale, au aseme ana siri. Chumba hunyamaza chenyewe ili kisikie.

SWALI: Tuna haya ya kubadilisha sauti. Je, tunaweza kurekodi mazungumzo yote mapema na kuyacheza kwenye spika? Na baada ya onyesho, tuwaruhusu watoto wavishike vikaragosi?

JIBU: Muziki urekodiwe ukipenda, lakini mazungumzo hapana. Sauti iliyorekodiwa haiwezi kumngoja mtoto amalize kucheka, wala haiwezi kumjibu anapoita. Kuhusu haya, hamna haja ya sauti za ajabu: mmoja azungumze polepole, mwingine haraka, wa tatu asite kabla ya kila sentensi, na watoto watawatofautisha hata mkitumia sauti zenu wenyewe. Elekezeni vinywa juu, kuelekea ukingo wa jukwaa, kwa sababu shuka hula maneno.

Kuhusu kushika, tengenezeni kikaragosi cha akiba cha kitambaa kigumu, kisicho na vifungo wala waya, hicho ndicho muwape wakivae na kukivuta wapendavyo. Mhusika mkuu abaki mkononi mwa mchezeshaji, aje kuwaaga mmoja mmoja, akiwapa mkono. Mtachoka, na foleni itakuwa ndefu, maana kila mtoto atakuwa na jambo la kumwambia Chura, na hakuna hata mmoja atakayemwambia mwenye mkono.